Kuishi na PCOS baada ya kujifungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye simu za usiku wa manane na majikoni mwa watu hapa Mombasa. Mengine niliyauliza mwenyewe mwanangu alipokuwa mchanga. Mimi si daktari. Ni mwanamke mwenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na mayai (tazama la 2), aliyezaa, akasoma, akauliza tena na tena mpaka akachosha watu. Nimeyapa nambari ili nikikwambia "tazama la 7" usihangaike kutafuta.

## Mambo ya kwanza

1. Nimeshazaa. Si basi nimepona?

Hapana, na hakuna swali linalorudi kama hili. Watu huichukulia PCOS kuwa ni ugonjwa wa kukosa mtoto, kwa hiyo mtoto akipatikana wanaona yamekwisha. Mimba haiondoi PCOS, huifunika tu. Huoni hedhi, wanasema ni kunyonyesha. Umenenepa, ni uzazi. Nywele zadondoka, ni uzazi. Umechoka hadi unasinzia umesimama, ni uzazi. Halafu mtoto anaacha ziwa, mwaka unapita, nawe unajikuta palepale ulipokuwa kabla ya mimba.

Wapo ambao mzunguko wao hutulia baada ya kuzaa, na kwa wengi hutulia zaidi umri ukikaribia arobaini. Ni jambo la kushukuru. Lakini sukari haitulii kwa kuwa hedhi imetulia, na hapo ndipo wengi tunaponaswa (tazama la 11).

2. PCOS ni nini hasa?

Ni hali ya homoni pamoja na namna mwili unavyoitumia sukari. Kwa wengi wetu mwili hauisikii insulini vizuri, basi kongosho hutoa nyingi zaidi ili isikike. Insulini ikizidi, huzichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na mayai hayapevuki kwa wakati wake. Vile vifuko unavyoonyeshwa kwenye skani si uvimbe wa kukatwa. Ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, ndio walioiandika hali hii mwaka 1935, na tangu hapo jina limebaki likizungumzia ovari ingawa tatizo ni la mwili mzima.

Kanuni inayotumika tangu 2003 inataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (kwa kipimo cha damu au kwa dalili kama ndevu na chunusi), na ovari zenye vijifuko vingi. Kwa hiyo skani safi haimaanishi huna PCOS.

3. Sikuwahi kuambiwa nina PCOS mpaka nilipozaa. Yawezekana?

Yawezekana sana. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye PCOS hawajui kwamba wanayo. Shida ni kwamba kipindi cha kunyonyesha ni kibaya kwa kupima homoni: hedhi haipo kwa sababu nyingine, na prolaktini, homoni ya maziwa, iko juu kwa sababu ya kunyonyesha. Andika kwenye karatasi hedhi yako ilikuwaje kabla ya mimba. Ikiwa zilikuwa zikipita zaidi ya siku 35 kati ya hedhi na hedhi, au chini ya mara nane kwa mwaka, mpe daktari karatasi hiyo. Itamsaidia kuliko skani ya leo.

## Arubaini na maziwa

4. Maziwa hayaji ya kutosha. Ni PCOS?

Huenda ikawa, lakini usianzie hapo. Baadhi ya wanawake wenye PCOS hupata maziwa machache, hasa wale ambao matiti hayakukua kabisa wakati wa mimba, na wenye sukari au uzani mkubwa maziwa yao huweza kuchelewa kupita siku ya tatu. Wengine wengi hutiririka mpaka leso inalowa.

Kwanza angalia mtoto anavyolishika titi, na kama ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kisha mpime mtoto, si titi. Titi kuwa laini si dalili, wala kilio cha jioni si dalili. Baada ya siku ya tano anatakiwa alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku, na akifika wiki mbili awe amerudia kilo alizozaliwa nazo. Ikiwa hafiki hapo, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Akihitaji kuongezewa maziwa mengine, aongezewe, hujashindwa kitu.

5. Uwatu je?

Kila nyumba ya Mji wa Kale ina mtaalamu wake wa uwatu. Unarowekwa usiku kucha, asubuhi unateleza kama kamasi, unapigwa mpaka ufanye povu, halafu mzazi anausukumia koo. Tafiti kuhusu kuongeza maziwa zimetoa majibu yanayopingana, ila kwa kiasi cha chakula wengi hawadhuriki.

Wewe mwenye PCOS jua jambo moja zaidi: uwatu hushusha sukari ya damu. Ukiwa unatumia dawa za kisukari au za kuyeyusha damu, mwambie daktari. Ukiwa na aleji ya njugu au dengu, jihadhari nao, na ukishika mimba tena acha vile vikombe vikubwa. Huweza kuharisha, na jasho litanuka kama sukari iliyoungua, kwa hiyo usishtuke.

6. Naweza kumeza metformini, ile dawa ya sukari, nikinyonyesha?

Ndiyo, kwa wengi. Inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, chini ya asilimia 1 ya dozi ya mama ikilinganishwa kwa uzani. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au ana shida ya figo, daktari wake aulizwe kwanza. Ukianza upya, anza na dozi ndogo, uimeze pamoja na chakula, la sivyo choo kitakuwa rafiki yako. Ukiitumia miaka mingi, omba upimwe vitamini B12.

## Hedhi na kupanga uzazi

7. Mtoto ana miezi minane na sijaona siku zangu. Ni kunyonyesha au ni PCOS?

Kama bado ananyonya vizuri mchana na usiku, yaelekea ni kunyonyesha. Homoni ya maziwa huzuia mayai, na kwa kuwa estrojeni iko chini, ukuta wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Hapo kukosa hedhi hakudhuru.

Mambo hubadilika mtoto anapopunguza ziwa. Sasa estrojeni inarudi, lakini yai likikosa kupevuka ukuta unazidi kuwa mnene bila kutoka. Hali hiyo ikiendelea miaka, hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka. Ni nadra kwa wanawake vijana, ila ndiyo sababu ya kutopuuza. Weka alama kwenye kalenda siku mtoto alipoacha ziwa. Zikipita siku 90 bila hedhi, pima mimba kwanza, kisha nenda kwa daktari. Mara nyingi atakupa homoni ya projesteroni ya siku kadhaa ili damu itoke, au njia ya kupanga uzazi inayoulinda ukuta huo (tazama la 9).

Usiseme "nimezoea, hata zamani nilikuwa nakaa miezi sita". Mazoea hayo ndiyo yanayotakiwa yakatwe.

8. Nilihangaika miaka minne kumpata huyu. Kwani mimi nahitaji kupanga uzazi?

Nimewajua watatu waliosema hivyo na sasa wana watoto waliofuatana kama ngazi. PCOS huchelewesha mayai. Haiyazuii moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba yai la kwanza baada ya kuzaa huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona tone. Metformini na kupungua kilo nako huweza kuamsha ovari zilizolala.

Kunyonyesha peke yake hulinda kwa zaidi ya asilimia 98, lakini masharti ni matatu na yote lazima yawepo: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, ulinzi umekwisha.

9. Njia ipi inafaa mwenye PCOS anayenyonyesha?

Vidonge vyenye estrojeni, vile ambavyo wengi wetu tulipewa tukiwa wasichana ili hedhi inyooke, havifai wiki sita za kwanza, na kwa anayenyonyesha hushauriwa kusubiri miezi sita. Kijiti na vidonge vya projestini pekee, visivyo na estrojeni, vinaweza kuanza mapema. Koili ya homoni ina faida ya ziada kwetu kwa sababu hufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba. Koili ya shaba haina homoni kabisa, ila haiufanyi ukuta huo uwe mwembamba na hedhi huweza kuwa nzito.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo ninayoisitia. Inafanya kazi, na kwa anayenyonyesha huanza baada ya wiki sita, lakini baadhi huongezeka kilo na uzazi huchelewa kurudi miezi mingi baada ya sindano ya mwisho. Kama unataka wa pili upesi, na tayari mayai yako ni ya kubembelezwa, mwambie muuguzi hivyo kabla hajavuta dawa kwenye bomba.

10. Nimeshika mimba na mtoto ana miezi saba. Mama mkwe asema nambemenda mtoto.

Mimba haiharibu maziwa. Yanaweza kupungua na ladha ikabadilika, lakini hayawi sumu. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ghafla kisha akapewa uji mwepesi usio na kitu. Mpe mama mkwe heshima yake na kazi pia: amsimamie mjukuu ale samaki, yai, mbaazi na maboga kila siku. Nawe nenda kliniki mapema, upimwe sukari tangu mwanzo wa mimba hii.

## Sukari, chakula na uzani

11. Nilikuwa na kisukari cha mimba, na nilipozaa sukari ikarudi chini. Nipime tena?

Lazima, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Wiki ya sita nilimpeleka mwanangu chanjo. Akavuliwa, akapimwa kilo, akachomwa pajani, akasifiwa mashavu. Mimi niliulizwa kama mshono umekauka. Kwenye kitabu cha kliniki maneno "kisukari cha mimba" yalikuwa yameandikwa kwa wino mwekundu, na kitabu kilikuwa wazi mezani. Hakuna aliyeyataja, nami niliona haya kuuliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mwana analia. Nilirudi baada ya wiki tatu, safari hii bila mtoto wa kupimwa, nikasema: nimekuja kupimwa mimi.

Kipimo kinachotakiwa ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi. Unakwenda asubuhi hujala, unatolewa damu, unakunywa maji matamu mpaka meno yanauma, unakaa saa mbili, unatolewa tena. Kunyonyesha wakati unasubiri si tatizo. Nenda na dada au shoga wa kukupakatia. Hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na siku ya chanjo ya wiki ya sita au ya kumi inafaa kuomba karatasi ya maabara. Kabla ya kunywa, 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na kuendelea ni kisukari. Baada ya saa mbili, 11.1 na kuendelea ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 ni njia panda, na njia panda inaweza kurudishwa nyuma. Kipimo cha kidole cha asubuhi peke yake hukosa wengi. Kile cha wastani wa miezi mitatu nacho hudanganya katika miezi ya mwanzo kwa sababu ya damu uliyopoteza ulipozaa.

Ukiwa sawa, rudia kila mwaka mmoja hadi mitatu, na kabla ya mimba nyingine. Aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa takriban mara kumi wa kuja kupata kisukari cha kudumu. Hata kama hukukipata, PCOS peke yake inatosha kukupeleka maabara kwa mpangilio huohuo, na presha ipimwe kila mwaka.

12. Nile nini, na chakula chetu chote ni nazi na unga?

Arubaini yenyewe siigombi. Kukandwa maji ya moto, kufungwa tumbo kwa leso, supu ya kuku, kulala wakati wengine wanapika: nani atakataa? Hata boko boko naila. Tatizo lilikuwa flaski. Uji wa pilipili manga wenye vijiko vitano vya sukari, chai ya maziwa nayo vijiko vitatu, mara nne kwa siku. Niliomba uji uwekwe kijiko kimoja. Nyanya alinung'unika siku mbili. Ya tatu akasahau.

Baada ya hapo, sijaacha mahamri na mbaazi. Nimegeuza kipimo: bakuli la mbaazi ni kubwa, mahamri ni mawili. Mbaazi wana nyuzinyuzi na protini, hamri ni unga, sukari na mafuta. Wali wa nazi napakua kwenye sahani yangu, kwa sababu sinia halina mpaka. Unakula hadi mazungumzo yaishe. Changu wa kuchoma, mchicha, kisamvu na bamia hupatikana soko la Kongowea kwa bei ya kawaida. Muhogo na viazi vitamu ni vizuri kuliko mkate mweupe, lakini bado ni wanga, si mboga. Juisi ya miwa ni sukari iliyosimama wima.

Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine yote kwa PCOS, kwa hiyo usinunue makopo ya mtu anayekuahidi hivyo. Wala usijinyime kula unaponyonyesha: mwili unahitaji nishati ya ziada, takriban kalori 500 kwa siku.

13. Kilo hazitoki. Kwa wenzangu zimetoka.

Mwenzako hana insulini yako. Lengo lisiwe kurudi ulivyokuwa siku ya harusi. Kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, huweza kutosha kusogeza hedhi na sukari. Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki ni kiwango kizuri. Mie hutembea Mama Ngina jioni, mtoto mgongoni, na mihogo ya kukaanga huipita nikiwa nimeshikilia pumzi. Ukipasuliwa, subiri ruhusa ya daktari kabla ya mazoezi mazito. Na kama uzani unapanda huku unahisi baridi kwenye jua la Januari, tazama la 17.

14. Ramadhani nifunge?

Aliye nifasini hafungi. Anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. La kulipa na fidia muulize ustadhi wako. Kwa upande wa dawa, metformini huhamishiwa futari na daku, lakini upange na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kaimati za shira zihesabu. Tatu si kumi.

## Nywele, ngozi na moyo

15. Nywele za kichwani zinatoka kwa mafungu.

Zikianza mtoto akiwa na miezi miwili hadi minne, zikidondoka kichwa kizima, ni za uzazi, na nyingi hurudi kabla ya mwaka. Zikipungua utosini na kwenye mstari wa kati tu, na mwaka umepita, hiyo ni sura ya PCOS.

16. Ndevu zimerudi, na shingo imekuwa nyeusi.

Weusi huo wa shingoni na kwapani si uchafu. Usijisugue hadi utoke damu. Ni alama ya insulini kuwa juu, basi rudi la 11. Ndevu, toa kwa uzi au nyoa. Wembe hauzifanyi ziwe nyingi, hayo ni maneno. Dawa za kupinga homoni za kiume, kama spironolaktoni, hazitumiki bila njia ya uhakika ya kuzuia mimba, kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

17. Nalia bila sababu, nimechoka hata nikilala.

Machozi ya siku za kwanza hupita ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au ukikosa hamu ya mtoto, au mawazo ya kujidhuru yakipita kichwani, huo ni ugonjwa na unatibika. Wenye PCOS tunaupata zaidi. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya haina malipo. Usimsubiri anayesema umeingiwa na pepo amalize kufukiza ubani.

Omba pia kipimo cha tezi ya shingo. Kati ya wanawake 100 waliozaa, 5 hadi 10 tezi hiyo hupata uvimbe ndani ya mwaka, na dalili zake, uchovu, kunenepa, baridi na huzuni, hufanana na PCOS kama pacha.

## Yasiyo ya kila mtu

18. Hedhi imerudi, lakini wiki ya tatu sasa haikati.

Pima mimba, kisha muone daktari. Ukuta mnene usiopata projesteroni humomonyoka ovyo. Ukilowanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, au kizunguzungu kikakushika, nenda hospitali usiku huohuo.

19. Nilivuja damu nyingi sana nilipozaa. Maziwa hayakuja kabisa na hedhi haijarudi.

Usikubali kuambiwa "ni PCOS yako" bila kupimwa. Kuvuja damu kupita kiasi huweza kuijeruhi tezi ndogo chini ya ubongo inayoamrisha homoni nyingi za mwili. Ni nadra, lakini bila matibabu ni hatari. Taja damu hiyo mwanzo wa mazungumzo, si mwisho.

20. Nataka wa pili. Nianze lini?

Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 kati ya kuzaa na mimba nyingine. Kama una miaka 38, au ulipasuliwa, hesabu hiyo ifanye na daktari. Pima sukari na anza asidi ya foliki kabla. Mayai yakikataa, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli, humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, na kwa kawaida husubiriwa mtoto aache ziwa. Iliyokusaidia mara ya kwanza, andika jina na dozi yake, mafaili hupotea.

21. Nimezaa binti. Atarithi?

Uwezekano wake ni mkubwa kuliko wa binti mwingine, lakini si hukumu. Usimpeleke skani akivunja ungo: ovari za wasichana huwa na vijifuko vingi kiasili, na skani haitumiki kuthibitisha PCOS mpaka ipite miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Wangu ana miaka miwili na anapenda mbaazi.